Mzee Osward Ambilikile, Aliyemvisha Shuka Mgombea wa Kwanza

Mzee Osward Ambilikile alizaliwa tarehe 4 Machi 1938 katika milima ya Ileje, jirani na Isongole, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ambilikile na Mama Shani. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaishia hapo kwa sababu ng'ombe wa nyumbani hawakuwa na mchungaji.

Alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, na balozi wa nyumba kumi kwa miaka mingi. Mwaka 1979 alirithi kigoda cha baba yake, akawa mzee wetu wa kimila. Ndiye aliyewavisha wageni wakubwa shuka na kuwakabidhi mkuki.

Mwaka 1961 alifunga ndoa na Marita. Mama yetu anasema siku ya posa bwana harusi alikula ugali wote wa wakwe, kisha akauliza kama wao wameshakula. Jamani, ndivyo alivyokuwa, hana kona, la moyoni hulisema.

Na tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Miaka yote mgombea urais aliyefika kwetu alikuwa ameshapitishwa na chama. Basi tarehe 11 Juni mwaka huu alipokuja mheshimiwa kutafuta wadhamini, baba alidhani ndiye aliyepitishwa. Akamvisha, akamwombea, akamwita rais wetu. Siku chache baadaye akaja wa pili, wa chama hicho hicho, naye akainama avishwe.

Baba akamwambia, "Mwanangu, nimeshampa mwenzako. Sikujua mko wengi. Nendeni mkakubaliane kwanza."

Watu walicheka. Mgeni hakucheka. Mmoja wa watu wake akamsogelea baba, akasema taratibu, "Mzee, utalirudisha hilo neno."

Tangu hapo nyumba yetu haikutulia. Watu wa yule wa pili walimtaka atangaze kwamba alikosea. Wale wa kwanza wakamwambia akithubutu, ataona. Baba alijibu wote kwamba baraka si shati, haivuliwi. Mimi bintiye Tukuswiga nilimsihi anyamaze. Nilikuwa naogopa, na bado naogopa.

Tarehe 27 Juni alichukuliwa na gari kwenda kuzungumza na wageni Tunduma. Hawakusema ni wageni wa nani. Alirudishwa jioni akiwa hawezi kula, akilalamika tumbo. Tulimpeleka hospitali, akafariki Jumatano, tarehe 1 Julai 2015. Tumeambiwa ni presha. Baba hakuwahi kuugua presha, lakini tumeambiwa tusome hivyo, nami nimesoma.

Waheshimiwa mliokaa safu ya mbele, upande huu na upande ule, poleni na safari. Mashada yenu tumeyapokea. Chakula kipo. Nafasi ya kutoa neno haipo.

Marehemu ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na wanane. Watoto wanne tupo hapa. Wa tano ni Lusungu, ambaye kwa desturi angekalishwa leo kwenye kigoda cha baba, mbele ya kaburi. Tangu jana watu ambao si wa ukoo wetu wanauliza alipo. Hayupo. Hatamtupia baba yake udongo, na mama yake ndiye aliyemwamuru aondoke. Kigoda kitakaa wazi hadi uchaguzi upite.

Mungu ampumzishe mzee wetu kwa amani, na amfiche mwanawe.