Tofali Chini ya Birika

Kijiwe chetu kinatazamana na lango la chuo kikuu. Mungu amekijalia benchi moja, jiko la makaa la Mama Birika, na wataalamu wa kila jambo ambao hawajawahi kuvuka lile lango. Mimi hukaa mwishoni. Binti yangu alikuwa akisomea uzamivu humo ndani, utafiti wa zege lililochanganywa na majivu, na jioni alitoka kunywa kahawa nami. Nimeshamzika, lakini jioni bado huja hapa. Leo wamebandika langoni bango la tafiti za uzamivu, na Spika, dereva mstaafu, amelisoma kwa niaba ya taifa zima.

SPIKA: Huyu wa kwanza anachunguza masikio ya mbu. Mtu mzima, na mama yake yupo!

FUNDI SIMU: Mpe hongera. Sasa tukimtukana mbu usiku atatuelewa.

MAMA BIRIKA: Na wa pili?

SPIKA: Anafundisha mashine kutabiri mafuriko.

MAMA BIRIKA: Goti langu linatabiri bure. Walivishe joho.

FUNDI SIMU: Dokta Goti!

SPIKA: Chekeni tu, mimi nimeshawagundua. Huo wote ni mradi mmoja. Mashine inaita mvua, mvua inaleta mbu, mbu anatuuma mpaka tunakimbia, halafu hapa tulipokaa wanamwaga zege. Wanalitaka benchi letu!

Tukainua vikombe kwa heshima ya akili kubwa namna hiyo. Kisha Spika akanikumbuka.

SPIKA: Zege... Samahani, Baba Amina.

— Endelea, ndugu yangu, — nikamwambia. — Mungu naye anakusikiliza.

Hapo akavuka barabara msichana aliyevaa koti jeupe la maabara.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimekabidhiwa utafiti wa marehemu dada Amina. Matofali yake ya zege ninayo, isipokuwa moja aliloliacha hapa nje lipigwe jua na mvua tu. Bila hilo siwezi kuimaliza kazi yake. Ni dogo, lina alama nyekundu ubavuni. Hamjaliona?

Mama Birika akatazama jiko lake. Mguu mmoja ulivunjika zamani, na mahali pake palikuwa na tofali dogo, jeusi kwa masizi na kahawa iliyomwagika. Alama nyekundu ilionekana nusu.

Msichana akapiga magoti. Akaligusa, akarudisha mkono upesi. Hakufoka.

— Itabidi niandike ukweli, — alisema. — Niambieni tu, limekaa kwenye moto tangu lini?

Spika, anayejua siri za mbu na mashine, akachungulia ndani ya kikombe chake. Fundi Simu akaanza kukagua simu isiyo na betri. Mama Birika akaliinua jiko, akalitua mbali.

— Kahawa imekwisha, — alisema, na birika lilikuwa limejaa.

Nikavua kofia, nikalizungushia tofali, nikalipakata. Lilikuwa bado na joto.