Siku Lokomotivi Ilipombeba Mheshimiwa Préfet

Mheshimiwa Préfet, mkuu wa shule yetu ya ufundi, Papa Luc, uliyefika hapa mbele kwa njia ambayo hakuna préfet mwingine wa mji huu aliyewahi kufikia. Waheshimiwa wa comité ya wazazi. Muzee Bashige, mwenye siku. Mama Mukashyaka wa protocole, ambaye tutarudi kwake. Walimu, wanafunzi, majirani wa ukuta huu na wa ukuta ule. Na ninyi ndugu mliosikia harufu ya pilau mkaingia bila kualikwa, kwani nanyi mna heshima yenu:

Nimepewa kwanza jukumu zito. Naomba waliokaa wasisimame, na waliosimama wajikaze. Ninatangaza rasmi, mbele ya mashahidi, kwamba kifuniko cha birika ya chai ya walimu, kilichotafutwa katika kabati zote za shule, kilichowafanya walimu wawili wa hesabu wasisalimiane Pasaka nzima, kimepatikana. Kiko juu ya mgongo wa lokomotivi. Kinafunika kuba ya mvuke, na kimefungwa kwa skrubu. Muzee Bashige anaomba radhi kwa walimu wote, ila hatakirudisha.

Baada ya tangazo hilo, turudi kwenye mambo madogo.

Mtajiuliza, kwa nini hotuba ya kumuaga fundi isomwe na muuza vipuri? Jibu ni fupi. Duka langu limeegemea ukuta wa atelier, karakana ya shule, na jamaa zangu wametoka Kindu. Katika Goma, ambako hakuna reli hata ya kuning'inizia nguo, mutu wa Kindu ni mtaalamu wa treni apende asipende. Walimu waliponiuliza, "Papa Aboubacar, wewe uliona treni?" nilijibu ukweli: niliiona. Hawakuuliza kama ilikuwa inatembea. Ilikuwa imesimama. Lakini tangu siku ile sikuachwa tena.

Muzee Bashige amefundisha ufundi wa vyuma hapa tangu wazazi walioko mbele yangu wakiwa wanafunzi wake. Ametufundishia vijana wa kuchomelea milango, wa kufufua jenereta, wa kunyoosha magurudumu ya pikipiki yaliyoshindana na mawe ya volkano yakashindwa. Na kwa miaka hii ya mwisho, yeye na msaidizi wake, Fabiola, ambaye kesho anashika ufunguo wa atelier, wametengeneza kile mlichokiona leo: lokomotivi ya mvuke, ukubwa wa mbuzi aliyeshiba, inayokula makala, makaa yaleyale ya kupikia kwenye jiko la mbabula, na kunywa maji kuliko mbuzi. Nyuma yake kuna kigari kifupi, ambacho mutu anakalia akitanua miguu kama yuko juu ya punda.

Ilikuwa nzuri. Ilipiga filimbi, ilitoa moshi, ilifanya watoto wa jirani wakimbie kwa furaha na kuku wakimbie kwa sababu zao. Tatizo lake lilikuwa moja tu: haikuvuta kitu.

Sasa, waheshimiwa, tazameni viti mlivyokalia. Vya plastiki, vyeupe, vipya. Viliponunuliwa kwa ajili ya kukodisha kwenye harusi, comité iliuliza vitalala wapi. Macho yote yakageukia atelier. Wakasema Muzee anastaafu, anapumzika, mashine zitafunikwa turubai, viti viingie. Papa Luc akaenda mwenyewe kumwambia. Nilikuwepo, kwa bahati, nimesimama juu ya kreti upande wangu wa ukuta.

"Muzee," alisema, "kiti kinabeba mutu. Mashine yako inabeba nini?"

"Itakubeba wewe," Muzee akamjibu, bila kuacha kupiga tupa.

"Mimi? Na hili tumbo?"

"Na tumbo. Siku ya kuniaga, kutoka lango kubwa mpaka barza."

Papa Luc akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akasema neno ambalo leo limetukusanya: "Ikinifikisha barza, atelier inabaki atelier, na Fabiola anaendelea na watoto wake wa ufundi. Ikikwama njiani, viti vinaingia mchana huohuo, na mimi mwenyewe nitabeba cha kwanza."

Mnaelewa basi kwamba leo hamkukalia viti tu. Mmekalia mshindani.

Kazi ikaanza. Reli mbili nyembamba zikalazwa uwanjani kutoka langoni mpaka barza hii tuliyopo. Fabiola alikuwa na wazo, na lilikuwa wazo ambalo mimi pia ningelitoa, kwa hiyo nilijua mapema kwamba halitafaa. "Tuiongezee nguvu," akasema. Wakapanua silinda, wakaongeza mvuke. Wakapakia magunia ya mawe kwenye kigari pale langoni, wakafungua mvuke. Ndugu zangu, magurudumu yalizunguka! Yalizunguka kwa kasi ambayo sijaiona Kindu. Cheche zikaruka, moshi ukajaa mpaka barabara ya Sake, na lokomotivi ikabaki palepale, kama mutu anayepiga kelele kwenye mkutano.

"Tuongeze tena," Fabiola akasema.

Muzee hakubisha. Alimwita nyuma ya jikoni, mahali mama wanapooshea sufuria, kwenye saruji yenye povu. "Vua sandali. Sukuma ukuta."

"Papa, ukuta hautasogea."

"Sijakuambia usogee. Sukuma."

Akasukuma. Miguu ikateleza.

"Nguvu uko nayo?"

"Niko nayo."

"Basi ongeza."

"Nikiongeza nitaanguka, Papa!"

"Ni vile mashine inakuambia tangu Jumatatu, na wewe unaijibu kwa mvuke."

Tangu hapo neno la atelier likawa mshiko. Nguvu ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni magurudumu kuishika reli. Je, si hivyohivyo kwa wengi wetu tunaoongea sana? Napita.

Nikaanza kutoa mchango wangu kama mtaalamu: betri kuukuu za malori. Ndani yake kuna yale madini mazito wanayoita plombu, na Muzee akayayeyusha ili kuiongezea lokomotivi uzito. Mara ya kwanza waliweka uzito wote mbele. Mashine ikainama kama inatafuta sarafu, na gurudumu la nyuma likabaki hewani, kama mutu anayepiga simu amekunja mguu mmoja. Mara ya pili waliweka mwingi mno. Hapo haikuteleza tena, kweli. Ilikaa tu, kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko njiani. Ndipo wakapunguza, wakausogeza katikati, juu kabisa ya magurudumu yanayosukuma, na Fabiola akalegeza springi moja moja mpaka kila gurudumu likabeba fungu lake bila kumwachia jirani. Kisha wakafunga kopo la tomate pembeni, lenye kijibomba kinachodondosha vumbi la mawe ya volkano mbele ya gurudumu. Lile vumbi jeusi ambalo kila asubuhi mama zetu wanalifagia na kulilaani: sasa lina kazi.

Ikaanza kuvuta. Gunia moja la mawe, kisha zaidi. Kila jaribio walianzia langoni, wakafika barza, halafu wakairudisha langoni kwa mikono. Nilifikiri hiyo ndiyo heshima ya treni. Sikuuliza, kwa sababu mtaalamu haulizi.

Tukafika leo asubuhi. Na leo asubuhi, Mama Mukashyaka, nilisema tutarudi kwako.

Hakuna anayejua kupokea wageni kama Mama Mukashyaka. Alfajiri alikuwa amekwisha fagia uwanja, amefunga riboni, amepanga maua. Kisha akaziona reli. Kwake reli hizo zilikuwa zimepauka. Na ninyi mama mlioko hapa, nani kati yenu angempeleka mutoto misa magoti yamepauka? Akachukua vaselini, kopo zima, akazipaka reli kutoka langoni mpaka barza, zikang'aa.

Muzee Bashige alipotoka na kitambaa chake mkononi, jua lilikuwa limezipiga reli. Alisimama. Aliweka kidole. Alinusa kidole.

"Mama," akasema polepole, "nani amepaka?"

"Ni mimi, Papa. Zilikuwa zinatia haya. Wageni watasema hatuna mafuta nyumbani."

Papa Luc alikuwa tayari anafunga vifungo vya koti pale langoni, na wazee wa comité walikuwa wanahesabu viti kwa macho. Fabiola alikaa chini juu ya jiwe, akafunika uso. Nawaambia ukweli, mimi nami nilianza kumwonea Muzee huruma ile ya msibani, ambayo mutu anakuletea mkono bila maneno.

Lakini Mama Mukashyaka, alipoelezwa, hakupoteza muda kwa kulia. Alifungua kitenge chake cha juu, kile kipya cha leo, akapiga magoti kwenye mawe, akaanza kufuta. "Mulikuwa munasubiri nini?" akawafokea wapishi. "Nilipaka peke yangu, kufuta munipe mikono!" Wakaja na majivu ya jikoni, wakaja na sabuni, wakaja na mikeka. Mgeni mmoja wa heshima, simtaji kwa sababu amekaa safu ya kwanza na magoti yake bado ni meusi, alifuta kwa leso yake ya hariri. Wageni mlipokuwa mnaambiwa "subirini, protocole inajiandaa," protocole ilikuwa imepiga magoti.

Mengine mmeyaona. Papa Luc alikaa. Kigari kililia. Fabiola alifungua mvuke kidogo, kidogo tu, jinsi mutu anavyofungua mlango wa chumba chenye mutoto aliyelala. Gurudumu likateleza mara moja, na uwanja mzima ukashika pumzi. Kopo la tomate likadondosha vumbi lake. Likashika. Na Mheshimiwa Préfet, kwa koti lake, kwa tumbo lake, kwa mkono wake mmoja uliokuwa umeshika kofia kana kwamba yuko kwenye ndege, akapita mbele yenu taratibu, akipunga. Mama fulani nyuma yangu akasema, "Aaa, hata mwendo wa bibi-harusi ni mbio kuliko huu." Sawa, Mama. Lakini bibi-harusi havuti préfet.

Aliposhuka, Papa Luc alichukua mikro na kusema maneno mawili: "Atelier inabaki." Mikro ya shule hii, ambayo kwa kawaida hukata roho mara tu mgeni wa heshima anaposema "mabibi na mabwana", leo ilikuwa nzima. Neno lilisikika mpaka dukani kwangu, ng'ambo ya ukuta, na wateja wangu ni mashahidi. Halirudishiki.

Muzee Bashige, sitakuambia upumzike vizuri, kwa sababu nimekuona ukiangalia springi ya kushoto wakati wa sala. Nakuambia tu kwamba mlango uliokuwa ufungwe na viti kesho utafunguliwa na Fabiola, na wewe utakuja kila asubuhi "kupita tu," na sote tutajifanya tunaamini. Fabiola, ufunguo huo usiupake mafuta. Mama Mukashyaka, kitenge kingine kitapatikana. Comité imeitika kwa kichwa, nimeiona.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa kuvumilia njaa huku pilau ikinukia.

Limebaki jambo moja la huduma. Papa Luc amefurahi sana, na anaomba treni imrudishe langoni, kwa kuwa gari lake liko kule. Nimeona Muzee Bashige ameanza ghafla kufuta miwani. Kwa hiyo naomba vijana wachache wenye mabega waje hapa mbele wasukume. Kutoka langoni mpaka hapa ni mteremko.