Effie, Mtoto wa Johnny Archie

Marehemu Euphemia Beaton, ambaye sote tulimwita Effie, alizaliwa tarehe 3 Februari 1941 huko Inverness, kisiwani Cape Breton, Kanada, binti wa tatu wa Johnny Archie, mchimba makaa, na mkewe Morag. Alisoma kwa masista hadi 1958.

Mwaka 1960 aliajiriwa kuwa muuguzi msaidizi katika hospitali moja ya kisiwani, wodi ya wazee, akadumu miaka arobaini na mmoja. Siku hizo mzee aliyepotewa na kumbukumbu, akawa anatokatoka kitandani, alifungwa mikono. Lauchie, mchimba makaa wa zamani, alifungwa hivyo kila alasiri. Effie hakumuuliza leo ni tarehe ngapi, kama walivyoulizwa wazee wote waliopotewa na kumbukumbu. Alimuuliza lile linaloulizwa mtu yeyote anayeingia jikoni kwetu: "Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Dan Rory. Nifungue, binti, nachelewa zamu."

Alimfungua, akampa mkebe wa chakula, wakatembea hadi mwisho wa korido na kurudi. "Haya, zamu imekwisha," akamwambia. Mzee akavua viatu, akalala.

Tangu hapo Effie alibandika kadi juu ya kila kitanda: mtoto wa nani, alifanya kazi gani, chai yake ikoje, anaogopa nini. Daktari mmoja alimtania kwamba amefungua ofisi ya posa. Alipostaafu, kadi zilikuwa katika wodi zote, na kamba zilishatupwa.

Aliolewa na Sandy Beaton tarehe 8 Julai 1967. Marehemu Sandy alipenda kusema mkewe anamjua baba wa kila mtu, ila hajui alikoweka funguo.

Mwaka 2017 Effie alianza kusahau kweli. Novemba 2023 alivunjika nyonga, akalazwa wodi ileile. Kadi zilikuwa zimebanduliwa kuta zilipopakwa rangi. Aling'oa dripu mara mbili, ikaamuliwa achomwe sindano ya usingizi. Mwanawe Allan, ambaye maneno humkwama, hakubishana. Alikata kipande cha boksi la biskuti, akaandika, akabandika juu ya kitanda: mtoto wa Johnny Archie, chai nzito, maziwa kidogo, asiitwe "mpenzi". Muuguzi Leena, aliyetoka India, akasoma, akaweka sindano chini.

"Bibi Effie, wewe mtoto wa nani?"

"Wa Johnny Archie." Akamtazama. "Na wewe je?"

"Wa Varghese, wa Kottayam."

Akafikiri kidogo. "Hao siwajui. Lakini kaa, utakunywa chai."

Sindano haikuchomwa. Alifariki tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, mikono yake ikiwa huru, mmoja umeshikwa na Allan.

Ameacha watoto wawili, Allan na Catriona, wajukuu watano, na dada yake Flora. Leena amezirudisha kadi ukutani, kitanda kwa kitanda.

Haya, Effie. Zamu imekwisha. Pumzika kwa amani.