Hekalu Lililogeuka

Benchi lililo mbele ya duka la vitambaa la Ranjan, pale Southall, lilikuwa halikosi watu Jumamosi, hata baridi ya Februari ile ya 2003 ingeuma namna gani. Ranjan, mzaliwa wa Moshi, ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo ndiye mwenye baraza. Norbert wa Bukavu alikaa pembeni kabisa, mkono mfukoni, ameing'ang'ania bahasha ya Home Office, wizara ya Waingereza inayoamua nani abaki, iliyomfikia asubuhi. Miaka minne anaomba kubaki nchi hii, na mara mbili wamemkatalia. Kuifungua hakuthubutu, maskini ya Mungu. Wenzake waliiona ikichungulia mfukoni. Ndiyo maana Ranjan alianza kusimulia, ili tu mtu apumue.

— Kijijini kwa mama yangu, kule Gujarati, kuna hekalu la kale, mawe matupu. Zamani fundi viatu mmoja alikatazwa kuingia, eti mchafu. Akazunguka nyuma, akakaa ukutani, akaimba. Hekalu zima likageuka, mlango ukamtazama yeye!

— Acha fiksi! akasema Leonard, aliyeitwa Injinia kwa kuwa anafagia stesheni ya treni. Jengo la mawe haligeuki bila magogo chini. Waliyaweka usiku, wakayapaka samli.

— Samli ya kugeuza hekalu? akacheka Nizar, Mzanzibari waliyembatiza Shehe. Hayo majini, bwana. Majini arubaini, kila kona kumi.

— Kumi hawatoshi! Unajua tani ngapi zile?

— Basi mia. Kwani wewe umeshampima jini?

— Sikilizeni, akasema Injinia, sasa amesimama. Hekalu halikugeuka. Kiligeuka kilima, na kijiji chote juu yake. Watu waliamka wakakuta jua linachomozea jikoni!

Norbert akacheka bila kutaka. Kicheko kile kikamlegeza. Akaitoa bahasha, akamnyooshea Placida, dada mwenye miwani aliyekuja kununua kitambaa, akanaswa na Kiswahili.

— Dada, unisomee. Kingereza chao kinanishinda, na hawa wakisoma, nitajua jibu usoni mwao kabla hawajasema.

Placida akasoma mara mbili, polepole.

— Hawajakukubali, kaka. Lakini hawajakukataa. Jaji atakusikiliza upya, tarehe kumi na tatu Machi.

Weee! Kijiwe kikalipuka.

— Mlango umegeuka! akapiga kelele Injinia.

Shehe akamkumbatia. Ranjan akammiminia kahawa ya mwisho. Norbert alifurahi, jamani, mpaka machozi yakaingia kikombeni.

— Samahani, akasema Placida, mimi nimedakia tu hadithi. Huyo fundi viatu, mlango ulipomgeukia, walimwacha aingie?

Injinia akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa. Shehe akakohoa. Wote wakamtazama Ranjan.

— Mama alinisimulia kitandani, akasema kwa haya. Kila siku nilipitiwa na usingizi hapo hapo.

— Mama iko wapi sasa? akauliza Norbert.

— Leicester.

— Mupigie.

Ranjan akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika.

— Jumamosi asubuhi huwa hekaluni. Atarudi saa nane.

Basi la kumrudisha Norbert nyumbani likasimama kituoni, likaondoka bila yeye.

— Miye nitabaki hapa mpaka saa nane, akasema.