Nusu ya Langoni

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, Nyeri mjini, kwenye ule mteremko wa kwenda stendi. Na wacha niseme mapema: ni benchi langu. Mbao zangu, misumari yangu. Lakini ukiuliza watu watakwambia ni la Kabura, kwa sababu Kabura ndiye huweka jiko na birika la kahawa ya tangawizi hapo pembeni, na watu hufuata kahawa, hawafuati fundi. Jumapili ile, kesho yake shule zikifunguliwa, nilikuwa nimezingirwa na viatu vya watoto vilivyoachama, maana wazazi wote walikuwa wamekumbuka siku moja. Nilikuwa na hasira zangu. Ndipo Sajini Wandera akafika amebeba sufuria kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya benchi, akafunua. Ilikuwa keki. Katikati ilikuwa imebonyea kabisa, na hakuna aliyecheka, kwa sababu ni Agosti tu benchi lote tulipanda basi tukaenda Busia kumzika mkewe, Risper.

— Nimefanya kila kitu, Wandera akasema. Unga, mayai, sukari, siagi. Makaa chini, makaa juu ya kifuniko, vile mama watoto alikuwa anafanya. Sasa oneni.

— Ni ya sherehe gani? akauliza Ngatia. Huyu tunamwita Baridi. Aliendesha lori la viazi Karatina miaka mingi, na hakuna jambo ambalo hajaisingizia baridi ya mlima.

— Ya Nasirumbi. Kesho anaanza shule.

Hapo Kabura akaacha kumimina kahawa.

— Phoebe, dadake mkubwa, alifanyiwa, Wandera akaendelea. Siku yake ya kwanza, Risper alipika keki akaibeba mpaka kwa geti ya shule. Akaikata hapo hapo. Nusu ya mtoto, nusu yake. Wakakula wamesimama. Alikuwa anasema mtu hawezi kulia akiwa anatafuna. Wakimaliza, mtoto anaingia, mama anarudi. Hakuna kushikana nguo. Sasa Phoebe yuko bodingi, na huyu mdogo tangu Krismasi ananiuliza keki yake iko wapi. Nikimpa hii ataona ya dadake ilikuwa ya maana, yake ni ya huruma.

— Pole, Sajini, nikasema.

— Kesho unampeleka saa ngapi? akauliza Kabura.

— Jirani atampeleka pamoja na wake. Mimi asubuhi niko kwa gari ya Doldol. Tunatumwa huko, kuna wizi wa ng'ombe.

Mutuku akakohoa. Mutuku ni polisi pia, Mkamba mpole, tunamwita Kamanda ingawa hajawahi kuamuru hata paka.

— Nilimwambia tubadilishane zamu, akatuambia sisi, si Wandera. Akakataa.

— Kazi ni kazi, bwana, Wandera akasema kwa ukali. Tuongee maneno ya keki.

Basi tukaongea maneno ya keki. Mungu atusamehe, tuliyaongea kweli kweli.

— Ni baridi, akasema Ngatia. Januari hii mlima unapumua usiku. Keki inasikia baridi, inakaa chini. Hata wewe ungekaa.

— Wacha hizo, akasema Gicheru, mchomeleaji wa mageti, ambaye kwake dunia yote ni chuma. Sufuria ni nyepesi. Chuma ikiwa nyepesi moto inaingia mbio, inatoka mbio. Halafu angalia hii town yetu. Imejengwa kwa mteremko. Unga yote inateremka upande moja.

— Lakini imebonyea katikati, nikamwambia. Si upande.

— Ndiyo hivyo! Inateremka, inafika, inajuta, inarudi!

— Mimi nashuku mayai, akasema Mutuku. Ulinunua wapi?

— Ya kutoka Mukurweini.

— Umeona? Kule bodaboda zinapita kwa kuku kila saa. Kuku anataga akiwa na wasiwasi. Wasiwasi inaingia kwa yai, yai inaingia kwa keki. Keki inaogopa kusimama.

— Ngai! akasema Kabura. Na wewe ndiye huandika ripoti za polisi?

— Sikiza, Ngatia akamkata. Mlima uko na nguvu ya kuvuta. Lori yangu ikiwa tupu ilikuwa inavutwa nikiona kwa macho. Kama lori inavutwa, keki ni nini?

Wangefika mwezini. Mimi nilikuwa nimeshika kiatu kidogo cha mtoto wa watu, sindano imesimama, namtazama Wandera. Hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anapitisha kidole kwenye lile bonde la keki.

— Ulikuwa unafunua kifuniko? Kabura akamuuliza polepole.

— Kila saa, akasema. Ningefanyaje? Nilikuwa naogopa itaharibika nikiwa siangalii. Siku hizi kila kitu naogopa hivyo.

Gicheru akanyoosha kikombe aongezwe kahawa, na Kabura akainamisha birika. Likatoa matone, likanyamaza.

Wakati huo ndio Mama Parth alivuka barabara na chupa yake ya chai mkononi. Duka lake linatazamana nasi, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kukaa kwenye benchi, hutuma mtu amchukulie kahawa. Siku hiyo alikuja mwenyewe. Manorama ndilo jina lake, lakini nani amwite hivyo mama wa umri ule?

— Kahawa imeisha, Mama Parth, akasema Kabura. Pole sana.

Mama Parth aliinamia benchi. Alikuwa anatazama sufuria.

— Hii ni ile ya Risper, akasema. Ya geti. Vanila alikuwa anachukua kwangu. Alinieleza: nusu kwa nusu.

— Ndiyo, mama, akasema Wandera. Lakini yangu imebonyea.

— Naona. Si neno. Akamtazama usoni. Na kesho, nusu ya mama atakula nani?

Baridi hakuwa na baridi, Gicheru hakuwa na chuma. Mimi nikainamia kiatu, machozi yangu yasionekane. Mama Parth alingoja jibu kwa heshima, kama mtu aliyeuliza njia, kisha akarudi dukani na chupa yake tupu.

Wandera alikaa na sufuria magotini mpaka makaa ya Kabura yakafifia.

— Siwezi kusimama kwa hiyo geti, mwishowe akasema. Nitalia mbele ya mtoto.

— Utakuwa unatafuna, akasema Kabura.

Wandera akafuta uso kwa kofia yake ya kazi.

— Mutuku. Ile gari ya Doldol...

— Nitaenda mimi, akasema Mutuku. Nilishapanga begi.

Kabura alikuwa tayari ameshika kisu na karatasi. Akaikata keki pale pale kwenye lile bonde, akaanza kufunga kipande cha kwanza, halafu akasita na kipande cha pili mkononi.

— Ufunge nusu zote mbili, Wandera akamwambia. Kila moja na karatasi yake.