Dreva Owuor na Mtoto wa Keringet

Dreva wetu Owuor anaacha kazi tarehe thelathini mwezi huu wa Juni, mwaka wa hamsini na nane. Ameendesha gari ya hospitali hapa Nakuru miaka ishirini na saba. Mimi Naliaka nafua mashuka hapa karibu wakati huo wote, na hayo mashuka yalikuwa yanaletwa na yeye.

Alikuja kutoka kazi ya reli, kijana mwembamba. Gari ya kwanza ilikuwa ya kuwashwa kwa chuma, unazungusha mbele, na hiyo chuma ikamrudia ikamvunja mkono. Wiki nzima alilishwa na mke wake Adero kama mtoto. Adero naye kwa kupika samaki, wacha tu. Amebeba wagonjwa wa machimbo ya Kariandusi, wenye kukohoa vumbi nyeupe, na akina mama wa mtaa wa Bondeni wenye uchungu wa kuzaa. Kuna kijana Mkipsigis anaitwa Owuor kwa sababu alizaliwa ndani ya hiyo gari.

Kazi moja hakuipenda: kupeleka watu wa kichwa kwa hospitali ya wazimu Nairobi. Sheria, vile tulielezwa, ilisema mtu akidhaniwa ana wazimu polisi wanamshika, hakimu anamtuma kwa daktari aangaliwe, akitaka asitake. Hata mtoto. Mzazi asipokuwepo, inaendelea tu.

Sasa mwaka ule wa mvua nyingi wakaleta Chepngeno, msichana mdogo wa shamba moja huko Keringet. Ndugu yake mdogo alikuwa amekufa maji kwa bwawa. Kila siku mtoto anaenda pale anamwita kwa jina, akishikwa anauma. Mwenye shamba akaita polisi, mama akiwa mbali anachuma maua ya pareto. Daktari akamwuliza mambo, hakujibu hata moja. Asubuhi yake karatasi ya Nairobi ikawa tayari, mtoto akaingizwa garini na askari.

Tulikuwa tumesikia kwa mtu wa lori ya maziwa kwamba mama yake, Chepkemboi, yuko njiani kwa miguu. Owuor akafungua boneti. Akasema redieta ina kiu. Akamwaga maji, akatoa spana, akafuta vitu ambavyo havikuwa na uchafu. Askari alimtukana mpaka akachoka, akakaa chini akaniomba chai. Nikampa. Chai yenyewe haikuwa na sukari, siku hizo sukari ilikuwa shida.

Jua likiwa juu Chepkemboi akafika, matope mpaka magoti. Hakusalimia mtu. Akapanda garini, akamshika mtoto, akaanza kuita jina la yule mvulana aliyekufa, polepole. Hapo ndipo Chepngeno alilia. Tangu aletwe hakuwa amelia. Wakalia wote wawili, na mimi na beseni yangu pia.

Daktari alikuwa amesimama dirishani anaangalia. Akaja akaongea na mama, askari mmoja wa kwao akitafsiri. Kisha akasema mtoto arudi nyumbani na mama yake, aletwe tena aangaliwe baada ya mwezi. Owuor akafunga boneti, na gari ikawaka mara moja, sisi wote tukisikia.

"Owuor, imepona?" daktari akauliza.

"Imepona, bwana. Ilikuwa inangoja mama."

Tulidhani amefukuzwa. Daktari akamwambia awapeleke mpaka Keringet.

Sheria ni ile ile. Lakini tangu siku hiyo, mtoto akiletwa namna hiyo, daktari anauliza kwanza kama mama ametafutwa, na Owuor ndiye anatumwa kumleta. Chepngeno siku hizi anachuma pareto na mama yake. Bwawani bado anaenda mara moja moja, anakaa, anarudi.

Asante, Owuor, kwa kila mama uliyemleta. Uende salama na Adero kwenu ziwani, mkono ule usikuume wakati wa baridi, na Mungu akupe siku nyingi za kukaa bila haraka.