Swali la Agnetha: Historia ya Mwalimu Mageni Bujiku

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Mageni Bujiku alizaliwa Songwa, wilayani Kishapu, tarehe 3 Mei 1968, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari Shinyanga mjini, na mwaka 1991 akahitimu ualimu wa hisabati, kazi aliyoifanya Segese na baadaye Buseresere bila kuichoka. Tarehe 14 Septemba 1996 alifunga ndoa na Bi. Klara, wakajaliwa Ndaki, Loveness na Luka.

Kila Ijumaa baada ya vipindi aliwatoa wanafunzi uwanjani, akapigilia vigingi vitatu, akavuta kamba za katani kutoka kila pembe hadi nukta moja ndani ya pembetatu, kisha kila kamba akaigeuzia upande wa pili wa mstari unaoigawa pembe yake sawasawa, kama sura inavyogeuka kwenye kioo, na kamba tatu zikakutana tena mahali pengine, naye akasema, "Kila nukta ina mwenzake, wanangu, tafuteni tu."

Tarehe 20 Septemba 2024 Agnetha Mayala, wa kidato cha tatu, aliuliza nukta ikikaa juu ya duara linalopita kwenye pembe zote tatu, mwenzake yuko wapi, wanafunzi wengine wakamcheka, "Wewe unamchosha mzee," Mwalimu akavuta kamba, akarudia, asimpate mwenzake huyo, akaahidi kujibu Jumatatu.

Jumapili, akijiandaa kwenda kanisani, kiharusi kilimpokonya sauti na mkono wa kulia. Hospitalini alikataa uji, akahangaika, macho mlangoni, na Bi. Klara akaamini anamtaka Ndaki, aliyekuwa machimboni Geita na simu yake haipatikani, akakaa roho juu, akihofia baba ataondoka bila kumwona mwanawe. Ndaki alifika na vumbi lake, akasema, "Shikamoo baba," mzee akamshika mkono, lakini hakutulia, na mama akazidi kuogopa, maana sasa hakujua amwite nani.

Ndaki, aliyewahi kufundishwa na baba yake, ndiye aliyeona kidole cha kushoto kikichora shukani mistari mitatu, ile ile, kila mara, ikienda pamoja bila kugusana, akawauliza wanafunzi habari ya mistari hiyo, akaenda kumleta Agnetha. Binti alisimama kando ya kitanda, akaitazama mistari ile, akasema, "Kamba hazikutani, Mwalimu. Zinakwenda sambamba. Nukta hiyo haina mwenzake."

Mwalimu alifumba macho, na Bi. Klara alipomletea kijiko cha uji, akakipokea. Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 30 Septemba 2024.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi msibani, walimu wenzake, na wanafunzi waliochimba kaburi hili pamoja na vijana wa kijiji.

Mwalimu, Jumatatu ilifika na jibu lilikuwa limeshatolewa. Pumzika kwa amani.